Kushuti na mbwa wa nyumbani wasiofunzwa: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umesema mteja wako wa duka la vyakula vya mifugo anataka tangazo la dakika moja na mbwa wake wawili wawemo, na hao mbwa hawajawahi kufunzwa hata kukaa. Kazi ya namna hiyo nimeifanya mara nne hapa Dar. Ya kwanza niliiharibu, kwa hiyo naanzia hapo.

Ilikuwa Kigamboni, mwezi wa pili, saa saba mchana. Mbwa alikuwa dume wa kienyeji, mpole kabisa kwa watu wa kwao. Tukaingia watu saba na magari mawili, tukashusha taa, mwenzetu mmoja akarusha droni kuijaribu. Kumbuka mbwa husikia milio ya juu ambayo sisi hatuisikii kabisa. Akaingia uvunguni mwa gari, nasi tukamvuta kwa kamba. Hilo najutia mpaka leo. Baada ya hapo kila tukimkaribia anajilamba midomo, anapiga miayo, masikio kayalaza nyuma. Nikadhani ana usingizi, kumbe ni hofu. Mteja alipoziona picha alisema neno moja tu: "Huyu si mbwa wangu."

Siku hizi tunakwenda watatu. Kamera na stendi tunaziweka uani, tunakaa chini, tunaongea mambo yetu kama nusu saa. Mbwa anakuja mwenyewe, ananusa kila kitu, anakwenda kulala. Akishalala ndipo kazi inaanza.

Pili, kabla ya kuandika hadithi muulize mwenye mbwa: huyu kila siku anafanya nini bila kuambiwa? Kazi yangu ya pili mwongozo ulitaka mbwa akae kando ya bakuli atazame kamera. Haikuwezekana. Kijana wa pale nyumbani akasema mama akirudi kazini jioni, mbwa hutoka mbio hadi getini. Tukafuta tulichoandika, tukatega kamera mbili tukamngoja mama. Nafasi ilikuwa moja, maana mama akishaingia ameshaingia. Ile mbio ndiyo ikawa tangazo lote.

Ukitaka akutazame, mwenye mbwa asimame nyuma ya kamera na kipande cha maini ya kuku karibu na lenzi, amwite mara moja. Wengine wote kimya. Watu watano wakimwita hamtazami hata mmoja. Maini yachemshwe bila chumvi wala kitunguu, kwani kitunguu huharibu damu ya mbwa, na vipande viwe vidogo kama punje ya hindi, la sivyo atashiba mapema. Kamera ishuke hadi usawa wa macho yake. Usizime kamera kati ya teki na teki, yaani kati ya rekodi moja na inayofuata, kwa sababu kizuri hutokea mtu akishasema "basi". Sauti ya pale usiitegemee, itajaa sauti za kumwita kwa maini na majina. Mbweko urekodi peke yake.

Kwa kuwa wako wawili: chakula kisionekane wakiwa pamoja, hata kama wamekua pamoja. Mshuti mmoja, mwingine afungiwe mbali, kisha waje wote, nanyi mkiwa mikono mitupu. Uliza pia kama hapo au kwa jirani kuna jike kwenye joto, yaani anayetaka dume.

Jua ulikwepe. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na vigae vya uani vinaunguza nyayo. Weka mgongo wa mkono wako juu ya kigae sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, naye asikanyage.

Na kabla ya yote omba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mteja akisema imepotea, ahirisha. Mtu wako aking'atwa, aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo.

Kuhusu muda, usikubali siku moja nzima. Omba asubuhi mbili, saa 12 hadi saa 3. Mbwa asiyefunzwa anakupa kama dakika kumi za maana, kisha anataka kupumzika, na ukimlazimisha unarudi kwenye picha zangu za Kigamboni.