Gari la Msumbiji: lipia mpakani, kata bima kwa chesisi, namba ikitoka rudi kwa wakala

Mkuu uliyeniandikia kutoka Newala, swali lako nimelisoma mara mbili. Mjomba wako yuko Pemba, ile ya Cabo Delgado, Msumbiji, siyo kisiwa, anakuachia RAV4 ya 2005 kwa bei ya kindugu. Unauliza kama unaweza kuivusha na namba zake za Msumbiji, utembelee bima ya kule ambayo bado ina miezi mitano, kisha usajili polepole hela ya korosho ikitoka. Jibu fupi: hapana. Refu ni hili hapa, maana RAV4 ya namna hiyo hiyo mimi niliivusha kwenye mpaka wa Mtambaswala, na nikaja kuumia mahali ambapo sikupategemea kabisa.

Nianze na bima, kwa kuwa ndiyo unayoiegemea. Ile seguro (bima) ya mjomba inaishia darajani, mpakani. Watu wengi huchanganya na Kadi ya Njano, bima ya kuvukia mipaka ya COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Wameona malori ya Zambia na Malawi yanapita nayo, wakadhani kila jirani yumo. Sisi tulijitoa COMESA lakini kwenye mpango wa Kadi ya Njano tukabaki. Msumbiji haimo. Kwa hiyo ukishamaliza zile mita 720 za Daraja la Umoja, ukamgonga mtu hata kabla ya Mangaka, hesabu kwamba unaendesha gari lisilo na bima. Na kile kibali cha muda ambacho jamaa wamekwambia "kinachukuliwa tu pale pale" ni cha mgeni anayekuja kutembea na kuondoka na gari lake. Wewe ni mkazi wa Newala, mashamba yako yako Newala. Siku utakayoulizwa unarudi lini Msumbiji utajibu nini? Gari ambalo halijalipiwa ushuru linakamatwa, na kulikomboa ni ghali kuliko kulilipia.

Sasa ushuru. Hapa ndipo bei ya kindugu inapoyeyuka. TRA hawaangalii mjomba kakuuzia shilingi ngapi, wana makadirio yao ya thamani, na kikokotoo kipo kwenye tovuti yao: unaweka aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, kinakupa jumla. Kifungulie leo kabla hujatuma hata senti. Tuseme wamelikadiria gari milioni 10, nachukua namba nyepesi tu. Ushuru wa forodha 25%, hiyo ni milioni 2.5. Injini ya cc 2000 ina ushuru wa bidhaa 5%, na kwa kuwa gari limeshapita miaka 10 linaongezewa 30% ya uchakavu. Hizo 35% zinapigwa kwenye milioni 12.5, siyo kwenye 10, kwa hiyo milioni 4.375. VAT 18% inakuja juu ya vyote, milioni 3.04 hivi. Umeshafika milioni 9.9, na tozo ndogo ndogo na ada ya usajili hatujazigusa. Gari umelinunua mara mbili.

Usije ukadanganywa na SADC pia, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Mimi niliambiwa gari likitoka nchi ya SADC halina ushuru, nikaenda kifua mbele. Nafuu ile ni ya bidhaa iliyozalishwa ndani ya SADC na ina cheti cha uasili. RAV4 iliyotengenezwa Japani haigeuki ya Msumbiji kwa kukaa Pemba miaka kumi. Langu lilikaa kwenye uwanja wa forodha wiki mbili nikitafuta pesa ya kujazia, nikauza na ufuta kwa bei ya hasara.

Makaratasi: dai livrete (kijitabu cha usajili wa gari cha kule), hati ya umiliki, na mkataba wa mauziano uliothibitishwa kwa mthibitishaji wa kule, saini ya mjomba ikiwa imetambuliwa. Vyote viwe na jina la mjomba, siyo la mtu aliyemuuzia mjomba. Mwambie afute na usajili wa kule. Ni Kireno, kwa hiyo tafuta mtafsiri mapema. TIN unayo? Kama huna, anza nayo leo kwa namba yako ya NIDA, kwa sababu wakala wa forodha hagusi kitu bila hiyo. Na jina litakaloandikwa kwenye tamko la forodha ndilo litakalotoka kwenye kadi ya gari. Usiandikishe kwa jina la shemeji eti kwa sababu ndiye aliye karibu na mpaka.

Nije kwenye kidonda changu. Ushuru ulipolipwa nilitaka kulileta gari Masasi siku ile ile. Namba ya T ilikuwa haijatoka, nikakata bima ndogo, ile ya kumlipa mtu utakayemgonga, kwa namba ya chesisi, shilingi 118,000. Hilo ni sahihi na linaruhusiwa. Kijana wa wakala wa bima alinakili chesisi kutoka kwenye picha ya simu, usiku, mimi nimechoka. Kwa RAV4 kama yangu chesisi inaanza na ACA21, kisha kistari, kisha tarakimu saba. Yangu ina sifuri mbili zinazofuatana. Yeye sifuri moja akaandika O. Sikuona. Namba ikatoka, nikafunga vibao vya njano, nikajiona nimemaliza. Sikurudi kwa wakala kubadilisha bima isome namba mpya.

Miezi miwili baadaye, pale njia panda ya Mnazi Mmoja, Lindi, bodaboda akaniingilia ubavuni. Dereva alivunjika mguu. Trafiki akaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima: hakuna kitu. Akaingiza chesisi kama ilivyo kwenye kadi: hakuna kitu. Stika ninayo mkononi, risiti ninayo, na kwenye mfumo sina bima! Tukafungua boneti, askari akamwagia mafuta ya taa kwenye kitambaa, akasugua kutu na vumbi kwenye ule ukuta wa chuma nyuma ya injini mpaka herufi zikatokea moja moja. Ndipo tukaiona ile O. Kampuni ya bima ilikubali baada ya miezi minne. Katikati hapo matibabu na pikipiki vilitoka mfukoni mwangu, zaidi ya laki sita.

Kwa hiyo ukifika, sugua chesisi mwenyewe mchana, ipige picha, isome kwa sauti na wakala wa bima herufi kwa herufi, kwenye livrete, kwenye tamko la forodha na kwenye bima. Kabla hujatoka ofisini mwombe aihakiki kwenye mfumo mbele yako. Namba ikitoka, rudi kwake siku hiyo hiyo.

Bima kubwa, ile inayolipia na gari lako, ni shauri lako. Kwa gari binafsi mimi nililipa 3.5% ya thamani, na naona inafaa kama utakuwa unakwenda Dar mara kwa mara. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara maeneo ya Somanga, bima ndogo isingemsaidia mtu ambaye gari lake limekwenda na maji. Kwa kuzunguka Newala na Masasi tu, ndogo inatosha.

Na suala la nani aliendeshe kutoka Pemba mpaka darajani lizungumzeni vizuri. Cabo Delgado ya leo siyo ile ya kabla ya 2017, muulize mjomba njia ikoje wiki hiyo hiyo, siyo mwezi uliopita. Livrete pia aitume yenyewe na dereva. Picha ya WhatsApp mimi nilirudishwa nayo.