Altaneta ya Cessna 172 "imekufa"? Pima volti kwanza, ununuzi baadaye

Ndugu rubani, umesema Cessna 172 yako, ile ndege ndogo ya injini moja, ya volti 28 pale uwanja wa Wilson, Nairobi, sindano ya amita (kipimo cha mkondo wa umeme) inachezacheza, taa ya volti ndogo inawaka mkingoja zamu ya kuingia njia ya kurukia namba 14, na fundi anataka uagize altaneta mpya, yaani jenereta inayozungushwa na injini. Tafadhali usitoe pesa bado.

Taa hiyo kuwaka injini ikienda polepole, huku mataa na redio vimewashwa, si ajabu. Ukiongeza mwendo ikazimika, achana nayo. Sindano ndiyo ya kufuatilia.

Altaneta haizalishi kitu mpaka iamshwe na umeme kidogo kutoka kwenye basi (ukanda wa shaba unaogawa umeme wa ndege), unaopitia breka ya kukata umeme, nusu ya swichi kuu iliyoandikwa ALT, kisha regyuleta, yaani kidhibiti cha volti. Kwenye ndege nyingi za aina hii regyuleta hupimia volti kwenye waya huohuo. Kiungo kimoja kikishika kutu, regyuleta hudhani volti zimeshuka, huongeza umeme, volti zikapanda, ikapunguza tena. Ndiyo sindano inacheza.

Ndege tuliyokuwa tukiirusha kwa ushirika ilikuwa na ugonjwa huohuo. Injini imezimwa, funguo zimetolewa, hakuna mtu karibu na propela, tukawasha pande zote mbili za swichi kuu. Ncha moja ya mita ya volti kwenye basi, nyingine kwenye waya unaoingia regyuleta. Tofauti ilipaswa kuwa sehemu ndogo tu ya volti. Sisi tulisoma karibu volti mbili. Tukapima kiungo baada ya kiungo: breka safi, viunganishi safi, na tulipofika swichi ya ALT, upotevu wote ulikuwa pale. Hata ukiishika ilikuwa vuguvugu. Injinia mwenye leseni akaibadilisha, akasaini kitabu, sindano ikatulia. Altaneta ni ileile.

Usipoona upotevu hapo, mwambie fundi aangalie waya wa athi wa injini (unaoiunganisha na bodi ya ndege), mkanda wa altaneta, halafu brashi zake.

Na betri ikiisha kabisa, usikubali kuzungushiwa propela kwa mkono ili uondoke. Injini itawaka kwa magneto, ambazo hutoa cheche bila betri, lakini rilei ya betri (swichi ya umeme inayoiunganisha na basi) haitafunga na altaneta haitaamka. Utakuwa angani bila redio, ukitafuta ishara za taa za mnara wa kuongoza ndege katikati ya msongamano wa Wilson.

Pima kati ya basi na regyuleta, uniambie umesoma ngapi.