Nimewasha 7.1 kila mahali lakini bado nasikia adui upande siyo

SWALI: Fundi habari. Nina hedseti ya USB imeandikwa 7.1, yaani sauti ya kukuzunguka kama ya spika saba na moja ya besi. Nimewasha 7.1 kwenye programu yake, nikawasha Windows Sonic, ile sauti ya kuzunguka ya Windows yenyewe, na HRTF ya Valorant, setingi ya hiyo gemu ya kupigana risasi inayokuonyesha sauti inatoka upande gani, nayo nimewasha. Kulia na kushoto niko sawa, ila nasikia hatua za miguu ya adui nyuma, nageuka, kumbe jamaa yuko mbele. Nimeambiwa ninunue yenye spika nyingi ndani au nipakue programu ya kukuza hatua. Nifanyeje?

JIBU: Salama kaka. Zima 7.1 ya programu, zima Windows Sonic, bakiza HRTF ya gemu peke yake. Usinunue kitu.

Hili swali naletewa kila siku na kinachoniuma ni watu kuingia tena mfukoni kwa tatizo la setingi. Hedseti nyingi za 7.1 nimezifungua mimi mwenyewe mezani, unatoa sponji, unalegeza skrubu, unakuta spika moja kulia moja kushoto na waya mbili nyembamba zimechomelewa, basi. Hiyo saba nukta moja ni hesabu ya programu tu. Na zile zenye spika nyingi kweli, zimebanwa zote ndani ya kikombe kimoja sentimita chache kutoka sikioni, hakuna inayokaa nyuma ya kichwa chako.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Sauti ikitoka kulia inafika sikio la kulia kwanza, la kushoto inachelewa kidogo sana, haifiki hata milisekunde 1, na ubongo unajua. Lakini ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa zinafika masikio yote pamoja! Hapo ubongo unategemea jinsi mikunjo ya sikio la nje inavyoibadilisha sauti, na HRTF kazi yake ni kuiga hiyo mikunjo. Wewe umeiga mara tatu, gemu imeshaipanga sauti vizuri halafu Sonic na 7.1 zinaichukua kama vile inatoka kwenye spika zilizo mbele yako zinaipanga upya, ndo maana kulia na kushoto umebaki sawa ila mbele na nyuma imevurugika.

Gemu isiyo na HRTF yake, hapo sawa, washa 7.1 ya hedseti AU Sonic, moja tu, na kwenye gemu chagua spika za 7.1 ili kuwe na cha kupangwa. Na ukitumia ile pini ya duara ya milimita 3.5, inapitisha chaneli mbili tu, ya kulia na ya kushoto, usidanganywe.

Hiyo programu ya kukuza hatua achana nayo kabisa. Inapandisha sauti ndogo zilingane na kubwa, kwa hiyo umbali unapotea, wa karibu na wa mbali wote wanasikika wako mgongoni, na nyingine zinakuomba uzime antivairasi kwanza, jamani! Halafu mtu anaongeza volyumu masaa sita mfululizo. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 mwisho masaa 40 kwa wiki, ukifika 90 ni masaa 4 tu kwa wiki nzima. Vijana wananiletea hedseti wanasema inapiga mluzi, naivaa mimi iko kimya, mluzi uko masikioni mwao. Hedseti ningewatengenezea, zile seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena.