Muulize Fundi: Turubai la boti linatiririka maji na mvua haijanyesha

Fundi habari za huko. Mimi na mume wangu tuna miezi sita tunaishi kwenye boti hapa Uxbridge, kwenye mfereji wa Grand Union, zile boti nyembamba ndefu za chuma, maana kodi za nyumba London zilitushinda bwana. Sasa kule omo, yaani mbele ya boti, kuna kasehemu kamefunikwa na turubai, ndo tunapovulia viatu, tunaweka makaa ya mawe, kibaiskeli cha mtoto, na nguo nikifua naanika humohumo. Tangu baridi ianze kila asubuhi nikifungua mlango naona turubai kwa ndani limelowa chapachapa, tone linaniingia shingoni na mimi nimeshavaa yunifomu ya kazi. Koti la mume wangu limeota koga. Yeye anasema turubai linavuja tununue jipya, ameshaziba kila kitundu kwa tepu lakini ndo kwanza maji yamezidi. Tufanyeje?
Mama Zai, Uxbridge

Mama Zai, mwambie shemeji arudishe pochi mfukoni kwanza, na hiyo tepu aibandue leoleo. Umeandika mwenyewe kwamba akiziba maji yanazidi, basi jibu umeshalitoa.

Ila tuhakikishe. Jioni futa turubai lote kwa ndani mpaka likauke, alafu subiri usiku usio na mvua, ule wa nyota nyingi na baridi kali. Asubuhi ukikuta maji, huo ni umande, hakuna kinachovuja. Turubai linalovuja linalowa siku ya mvua, na maji utayaona yanaanzia kwenye mshono au kwenye zipu yakishuka mstari mmoja, hayaenei kila mahali kama jasho.

Na maji yenyewe ni ya kwenu. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba kama gramu 17 za maji kwa kila mita moja ya ujazo, ikishuka mpaka nyuzi 5 inabeba gramu 7 hivi tu. Kwahiyo mkipika maharage, mkioga, mkilala watu watatu mnapumua usiku kucha, ule mvuke unapenya mlangoni kwenda omo, unakutana na turubai la baridi, unashindwa kubaki hewani, unageuka matone. Hata gesi ya kupikia inatoa maji, kilo moja ya propani, gesi ya mtungi, ikiungua inatoa zaidi ya lita moja na nusu. Watu wengi hawaamini hilo mpaka waone sufuria ya baridi inavyotoka jasho kwa nje ikiwekwa jikoni.

Tena usiku wa mawingu machache turubai linapoa kuliko hata hewa yenyewe, joto lake linapotelea angani. Aliyekulia Njombe au Limuru anajua, gari lililolala uwanjani asubuhi limelowa paa zima na lile lililolala chini ya mti ni kavu. Turubai lako ndo lile gari la uwanjani, na kama ni la PVC, yaani plastiki, halipitishi hewa hata chembe.

Sasa kosa kubwa, mnakafanya hako kasehemu chumba. Si chumba Mama Zai, hapo ni baraza! Baraza huwezi kulipasha joto ukashinda, maana halina povu la kuzuia baridi kama kuta za ndani, ukilifunga kabisa unafungia mvuke humo. Fungua zipu ya upande mmoja chini, nafasi ya kiganja hivi, na ya upande wa pili juu, ili hewa ya nje ipite moja kwa moja. Najua utasema ni baridi. Ni baridi kweli, lakini ni baridi kavu, na wewe hulali pale. Mkipika, mlango wa kwenda omo ufungwe, dirisha la jikoni liachwe wazi kidogo. Na zile kofia za hewa juu ya paa zilizokaa kama uyoga asiziguse mtu, kuna wanaozisokomeza soksi wakifika Novemba alafu wanashangaa kitanda kinanuka uvundo.

Nguo ndo mbaya zaidi. Nguo za kufua mara moja zilizokamuliwa kwa mkono zina lita za maji na yote yanapanda kwenye turubai. Peleka dobi la mashine, au anika ndani karibu na jiko la makaa dirisha likiwa wazi. Kuni pia, ingiza za siku mbili tu. Na ukifuta turubai asubuhi, taulo likamulie nje ya boti. Mimi mwaka wangu wa kwanza majini nililitundika humohumo likauke, maji yaleyale nayafuta Jumatatu mpaka Ijumaa.

Usisahau sakafu. Boti nyingi za aina hiyo tangi la maji safi liko chini ya sitaha ya omo, yaani unakanyaga chuma chenye mamia ya lita za maji baridi chini yake, lazima kitoe jasho. Kama umetandika kapeti liinue uone, naapa chini kumelowa. Toa, weka mpira wenye matundu au vipande vya mbao vyenye nafasi, na angalia vile vitundu vya kutolea maji sitahani havijazibwa na majani.

Hapo nirudi kwenye tepu. Mtungi wenu wa gesi ukiwa uko omo, kasha lake lina matundu chini, gesi ni nzito kuliko hewa na hapo ndipo inapotokea ikivuja. Hayo yakizibwa gesi itashukia ngamani, chini kabisa ya boti, na mtalala juu ya bomu. Na asiwaambie mtu muweke jiko la mkaa ndani ya turubai kukausha, kaboni monoksaidi haina harufu. Alamu ya kuigundua ni lazima kwenye ukaguzi wa usalama wa boti, Boat Safety Scheme, tangu Aprili 2019, bonyeza kitufe uone kama inalia.

Koga la turubai sugua kwa brashi laini na maji ya uvuguvugu, usitie jiki, inakula nyuzi za mshono. Koti la shemeji lifuliwe lihamie ndani.

Fundi, na zile ndoo za chembechembe za kunyonya unyevu zinasaidia? Au ninunue mashine ya kukausha hewa?
Msomaji, Birmingham

Chini ya turubai ni kupoteza hela, hewa mpya inaingia kila dakika, utakausha mfereji mzima? Mashine nazo, zile za kawaida zenye kompresa zinachoka kwenye baridi, na zinazofanya kazi kwenye baridi zinakula umeme ambao betri na sola ya Desemba haviwezi, labda uwe umefunga boti penye umeme wa nchi kavu. Chembechembe ziweke kabatini, mlango ufungwe. Ndoo ikijaa imwage taratibu kwenye sinki, usidondoshe sakafuni, yale maji ni chumvi kali na chuma yanakitafuna.