Jibu: Mbona Montana wanawinda mbwa mwitu, sisi Wisconsin hapana?

Salama ndugu. Unauliza kwa nini Montana wanaruhusiwa kuwinda mbwa mwitu (wolf) na wewe Wisconsin huruhusiwi, hata wakikusumbua ndama. Cha kwanza kuangalia ni jimbo: Montana, Idaho na Wyoming ulinzi wa serikali ya shirikisho ya Marekani kwa mbwa mwitu uliondolewa, kwenu mahakama iliurudisha Februari 2022. Mwaka mmoja kabla, Wisconsin ilifungua uwindaji. Wawindaji waliruhusiwa kuua mbwa mwitu 119, wakaua 218 ndani ya siku tatu, tena msimu wa kupandana! Mimi mfugaji pia, lakini hilo siliungi mkono.

Akiuawa ndama, usiguse mzoga. Ufunike kwa turubai, piga picha za nyayo, waite maofisa wanyamapori siku hiyohiyo. Wakithibitisha, jimbo hulipa fidia.