Lebo zinabanduka masika: gundi ya maji na rezini yake

SWALI: Asalaam aleikum Fundi. Mie natia mafuta ya nazi yenye karafuu kwenye vichupa vya plastiki, nauza hapa Wete na vyengine vinakwenda Unguja. Lebo za karatasi nabandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Kaskazi zinakaa, masika ikiingia tu zinanyanyuka ncha mpaka zinaanguka dukani. Muuza gundi kanambia nitie rezini, shangazi anasema nisage ubani nichanganye. Nifanye lipi? Msomaji, Wete.

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Ubani wacha ukae kwenye chetezo, maana ndani yake kuna sehemu inayoyeyuka kwenye maji na nyengine isiyoyeyuka kabisa, utapata madonge tu na masika itakuadhibu vilevile.

Muuza gundi kasema kweli ila kaishia njiani. Vichupa vya aina hiyo mara nyingi ni polietilini au polipropilini, na plastiki hizo hazikubali kulowana, dondosha tone la maji utaona linajikusanya badala ya kutandaa, na gundi ya mbao ndo hivyohivyo, inashika karatasi lakini plastiki inaigusa juujuu. Rezini ya kunatisha inatokana na utomvu wa msonobari au inatengenezwa kwa mazao ya petroli, molekuli zake fupi zinaingia baina ya zile ndefu za gundi, basi ukibandika polepole gundi inalainika inatandaa inakamata, ukiivuta ghafla inakaza. (Biashara ya utomvu si ngeni kwetu, karne ya 19 sandarusi, yaani utomvu mkavu wa mti, ilikuwa inapakiwa Unguja kwenda Salem, Marekani, kufanyiwa vanishi.)

Sasa sikiliza hapa maana ndo penyewe. Rezini na maji havipatani, kwa hivyo kiwandani wanaivunja chembe ndogo mno wanazizungushia kitu cha jamii ya sabuni ili zitawanyike majini. Maji yakikauka ile sabuni haiondoki, inabaki ndani ya gundi na inaita unyevu, na masika yetu unaijua hewa ilivyo, gundi inageuka nyeupe inaregea. Kwa hiyo usinunue rezini yoyote tu, uliza ile ya kutawanyika majini inayostahamili unyevu, iliyokusudiwa lebo, na gundi yenyewe iwe ya akriliki, aina nyengine ya gundi ya maji, ya mbao warudishie mafundi seremala. Vile vipande vya rezini vya rangi ya asali wanavyolehemea waya mafundi wa redio usiviyeyushe kwa petroli ukamimina, gundi itakatika kama maziwa yaliyochacha.

Kipimo: gundi kilo 1 yenye asilimia 50 ya kitu kikavu, yaani kinachobaki maji yakikauka, ina gramu 500 kavu. Ukitia gramu 250 za rezini ya maji yenye asilimia 50 nayo, unapata gramu 125 kavu, yaani rezini ni asilimia 20 ya vyote vikavu. Anzia hapo au chini yake, jaribu vichupa vichache kwanza. Ukizidisha, lebo zitateleza kwenye jua la bandarini au gundi itakauka ngumu ivunjike.

Na mie naamini nusu ya tatizo lako ni mafuta yenyewe. Mafuta ya karafuu yana eujenoli kwa wingi, ndo kemikali inayoipa karafuu harufu yake, nayo inalainisha gundi nyingi pamoja na hizo rezini zake, tone moja likivuja mfunikoni kazi yote imeharibika. Bandika lebo kabla hujajaza, chupa ikiwa safi na kavu, iwache ilale usiku mzima, halafu ndo ujaze na ukaze mfuniko.

SWALI: Fundi, rezini hiyo naweza kutia kwenye rangi ya maji ili isibambuke ukutani? Nyumba ya mawe na chokaa, Mji Mkongwe. Msomaji, Shangani.

JIBU: Hapana kaka. Rangi itabaki inanata, vumbi lote la njiani litakaa ukutani kwako. Rangi inatumia rezini ngumu za namna nyengine, na ukuta wa chokaa unabambua rangi kwa sababu unyevu na chumvi vinatoka ndani vikakuta njia imezibwa. Kwangua hiyo rangi ya maji yote, ukuta ukauke, kisha upake chokaa, mkono mwembamba mara kadhaa.