Mabeki wote wanakimbilia mpira!

Swali: Mambo vipi mhariri, natengeneza gemu ya futiboli ya Kimarekani, sasa kotabeki akirusha pasi ndefu mabeki wote 11 wanaukimbilia mpira kama kuku walioona mtama, risiva (mdakaji wa pasi) anabaki peke yake. Tatizo nini?

Jibu: Poa mdau. Nahisi wanafuata mpira ulipo saa hii, si utakapodondokea. Piga hesabu ya hapo pa kudondokea mpira ukitoka tu mkononi, wa karibu wawili watatu ndo waende, wengine wabaki na watu wao. Ila kwanza weka sidi moja ya randomu (seed, namba ya kuanzishia bahati nasibu ya gemu) ili pasi ileile ijirudie, chora mstari toka kwa kila beki hadi anapolenga, utaona mwenyewe. Wakianza kutetematetema ujue wanabadili uamuzi kila fremu (kila picha moja ya gemu), wape nusu sekunde ya kutulia.